SOMO: Kushika dira kwenye Ziwa Kivu, Goma hadi Bukavu

Kila wiki naulizwa: "Telefone ina ramani, dira ya nini?" Naandika mara moja. Betri ikizima na ukungu umeshuka, unabaki na dira, saa na karatasi.

1. Chora njia kabla ya kutoka. Mstari mnyoofu Goma–Bukavu unakata kisiwa cha Idjwi, basi igawe vipande, andika digrii za dira za kila kipande.

2. Kila abiria avae jile, koti la kuelea majini.

3. Dira ikae mbali na chuma na sumaku. Hapa nilikosea mimi. Usiku mmoja niliweka spika ya muziki kando ya dira, kiasi cha shibiri moja. Sindano ilitulia vizuri, nikaiamini. Ukishuka kwenda Bukavu kwa njia yetu, Idjwi hubaki kushoto. Kulipopambazuka niliiona kulia, tuko upande wa Rwanda na abiria wamelala. Spika ina sumaku ndani! Kwa hiyo, kabla ya kung'oa nanga, washa vyombo kimoja kimoja huku unatazama sindano. Ikisogea, hamisha chombo hicho. Telefone pia, na kisu cha mfukoni.

4. Andika saa na mwendo. Mwendo wa noti moja ni mita 1,852 kwa saa. Noti 8 kwa nusu saa ni kama kilomita 7 na nusu. Weka alama kwenye ramani kila nusu saa. Upepo utakusukuma, basi ukiona rasi unayoijua, sahihisha alama.

MASWALI

— Yaya, dira yangu inadanganya.
— Umeiweka wapi?
— Juu ya redio.
— Rudi hatua ya 3.

— Mimi nafuata Nyota ya Kaskazini, inatosha.
— Goma iko kusini mwa ikweta. Nyota hiyo imezama chini ya upeo. Unafuata nyota nyingine, na hiyo inahama usiku kucha.

— Papa, sisi basi tutazame nyota gani?
— Umeuliza vema, mama. Tazama Msalaba wa Kusini, jioni za Aprili hadi Juni. Chukua urefu wa mti wake mrefu, uendeleze kupita mguuni mara nne na nusu. Hapo ndipo ncha ya kusini ya anga. Kwetu Goma ncha hiyo haifiki digrii 2 juu ya upeo, karibu inagusa maji. Jaribu kwanza ukiwa ufukweni, na dira mkononi.

— Na taa za wavuvi wa sambaza, samaki wetu wadogo? Niliwahi kudhani ni mji.
— Wengi hudhani hivyo. Taa za mji zimetulia, za mtumbwi hupanda na kushuka na wimbi. Ukiona zinacheza, punguza mwendo na uzunguke mbali: chini yake kuna nyavu.