Kuchagua imeji ya mfumo endeshi kwa kompyuta ya bodi moja

Wengi huanza na swali la "niweke Linux ipi?" Hilo liache kwanza. Jua bodi yako (kompyuta ndogo kama Raspberry Pi au Orange Pi) ni ipi hasa, kisha ujue ni kerneli gani (kiini cha mfumo kinachoendesha vifaa) inayoitambua vizuri. Ukishajua hayo mawili, orodha ya imeji (faili zenye mfumo mzima wa kuandikwa kwenye kadi) za kuchagua hupungua yenyewe, mara nyingi ikabaki na mbili au tatu.

Kwenye PC ya kawaida unaweza kuchomeka flashi yenye karibu mfumo wowote na ukawaka, kwa kuwa mashine yenyewe huuarifu mfumo ina vifaa gani. Bodi nyingi zenye prosesa za ARM, aina itumikayo pia kwenye simu, hazifanyi hivyo. Kerneli husoma maelezo ya vifaa kutoka kwenye faili dogo lenye mwisho wa .dtb, na faili hilo hutengenezwa kwa ajili ya bodi moja mahususi. Ndiyo maana bodi mbili zenye chipu ileile zaweza kukataa imeji ya mwenzake, au zikaikubali halafu Wi-Fi isionekane.

Hatua ya 1: Soma jina lote, hadi herufi ya mwisho

Jina huchapishwa juu ya bodi yenyewe. Usiishie katikati. Orange Pi Zero, Zero 2 na Zero 3 zina chipu tatu tofauti: H2+, H616 na H618. Raspberry Pi Zero W na Zero 2 W zinafanana kwa umbo, lakini prosesa zake ni za vizazi viwili tofauti kabisa. Hata namba ya toleo ina uzito wake: Raspberry Pi 2 ya toleo 1.2 ina prosesa ya biti 64, ilhali zilizotangulia ni za biti 32.

Kama bodi tayari inawaka na mfumo mwingine, iulize yenyewe:

`cat /proc/device-tree/model`

Hatua ya 2: Biti 32 au 64

Raspberry Pi ya kwanza, Zero na Zero W hutumia ARMv6, kizazi cha zamani cha prosesa za ARM. Debian ya kawaida ya biti 32, ile iitwayo armhf, inataka ARMv7 kwenda juu, kwa hiyo kwenye bodi hizo haitafanya kazi. Raspberry Pi OS ya biti 32 imejengwa upya mahususi kwa ARMv6, na hiyo ndiyo ya kuchukua.

Kuanzia Pi 3 kwenda mbele, pamoja na Pi 2 ya toleo 1.2 na Zero 2 W, biti 64 zinawezekana. RAM ikiwa GB 2 au zaidi, chukua 64 bila kusita, maana programu nyingi za seva siku hizi hutolewa kwa 64 tu. Kwa Zero 2 W yenye MB 512 mimi huangalia kwanza programu ninazozihitaji: zikipatikana kwa 32, hubaki na 32, kwani programu za 64 hula kumbukumbu zaidi kidogo, na hapo kila megabaiti ina kazi yake.

Tahadhari moja. Amri ya `uname -m` hutaja kerneli tu. Unaweza kuona `aarch64` huku programu zote zilizobaki ni za biti 32. Jibu la kuaminika ni hili:

`dpkg --print-architecture`

Hatua ya 3: Kerneli imetoka wapi?

Hapa ndipo pa kutumia muda, na ndipo wengi wanaporuka.

Imeji ya mtengenezaji wa bodi huja na kerneli aliyoirekebisha mwenyewe. Faida yake ni kwamba kamera, kucheza video kwa nguvu ya chipu na kichakataji cha akili bandia kwa kawaida hufanya kazi tangu siku ya kwanza. Hasara ni umri: bodi zenye chipu ya RK3588 ya kampuni ya Rockchip, kwa mfano, kwa muda mrefu zimeuzwa na kerneli 5.10 au 6.1 za Rockchip, na mtengenezaji akihamia bodi mpya, ya zamani huachwa ilipo.

Upande wa pili kuna kerneli kuu ya Linux, ambayo hupata marekebisho ya usalama kwa miaka mingi. Tatizo lake ni kwamba baadhi ya vifaa vya bodi vinaweza kuwa bado havijaingizwa. Armbian, mradi unaotengeneza imeji za Linux kwa bodi nyingi, hukupa pande zote mbili: imeji zilizoandikwa `vendor` zina kerneli ya watengenezaji, `legacy` zina kerneli ya zamani, `current` ni kerneli kuu iliyotulia, na `edge` ni ya wanaopenda kujaribu. Angalia pia kama bodi iko kwenye kundi linalotunzwa rasmi au limeachiwa jamii.

Msimamo wangu: seva isiyo na skrini, chukua kerneli kuu. Kamera au runinga, chukua ya mtengenezaji, lakini usiiweke wazi kwenye intaneti.

Kabla ya kupakua, tazama tarehe ya imeji ya mwisho. Kama imepita miaka miwili bila mpya, tafuta nyingine, hata kama picha za eneo-kazi lake zinavutia.

Hatua ya 4: Kazi ya bodi

Kwa seva, toleo la Lite au minimal (lisilo na eneo-kazi) linatosha. LibreELEC kwa runinga na Home Assistant OS kwa kusimamia vifaa vya nyumbani hurahisisha mambo, ila humiliki bodi nzima; usitarajie kuongeza programu kwa `apt`.

Hatua ya 5: Hakiki, kisha choma

`sha256sum jina-la-imeji.img.xz`

Amri hii hutoa namba ndefu ya kutambulisha faili; ilinganishe na namba iliyo kwenye ukurasa wa kupakulia. Kisha ichome, yaani iandike kwenye kadi, kwa Raspberry Pi Imager au balenaEtcher; zote hufungua faili za .xz zenyewe. Ukipendelea `dd`, endesha `lsblk` kwanza uone kadi yako ina jina gani, maana `dd` haiulizi mara mbili kabla ya kufuta diski yako.

Tangu Aprili 2022 Raspberry Pi OS haiji na mtumiaji `pi` aliyetengenezwa tayari. Bodi isiyo na skrini itakufungia nje usipoweka mtumiaji, nywila na SSH (njia ya kuingia kwenye bodi kupitia mtandao) ndani ya Imager. Imeji nyingine huja na nywila inayojulikana na kila mtu. Ibadilishe kabla ya kuunganisha mtandao.

Hatua ya 6: Ijaribu kabla ya kuizoea

Kuwaka kwa mara ya kwanza huchukua muda, kwa sababu mfumo hupanua nafasi yake kwenye kadi. Usichomoe umeme. Ikishatulia, jaribu Wi-Fi, sauti na USB, halafu izime na kuiwasha upya mara kadhaa. Pitia pia makosa na maonyo ya kerneli:

`dmesg --level=err,warn`

Kwenye Raspberry Pi ongeza `vcgencmd get_throttled`. Jibu lisipokuwa `0x0`, shuku adapta ya umeme au joto kabla ya kulaumu imeji.

Skrini ikibaki nyeusi, unganisha waya wa siriali, unaoonyesha maandishi ya bodi kwenye kompyuta nyingine. Bodi nyingi huzungumza kwa kasi ya 115200, lakini nyingi za Rockchip hutumia 1500000, na ukikosea kasi utaona takataka tupu ukadhani bodi imekufa.

Faili la imeji lililofanya kazi lihifadhi kwenye diski yako, kwa sababu watengenezaji huondoa matoleo ya zamani. Kadi ya mfumo uliopita nayo usiifute hadi mpya upitie sasisho la kerneli na kuwaka tena salama.