Kabla mshahara haujaingia, kagua haya nyumbani kwako

Wengi tunaanza kuwaza kubana matumizi kuanzia tarehe 5, hela ishatembea, na hapo hakuna cha kubana tena zaidi ya kununiana ndani ya nyumba. Mimi nyumba yangu ni ya watu sita, tumepanga hapa Dar, na kitu nilichokuja kugundua ni kwamba hela yetu ilikuwa inaliwa na haraka, yaani vile vitu unavyonunua kwa sababu vimeisha sasa hivi na mtoto kasimama mlangoni anasubiri. Ndo maana maandalizi nayafanya ile wiki ya mwisho wa mwezi, mfukoni hamna kitu lakini muda wa kuangalia upo.

Cha kwanza ni daftari. Siku saba andika kila kinachotoka, hata jero ya nyanya, hata buku ya vocha, usimgombeze mtu na usibadilishe chochote kwanza, andika tu. Halafu tafuta kile mnachonunua kila siku kwa vipimo vidogo, maana kwa wengi wetu shida inaanzia hapo. Chukua mafuta ya kula kwa mfano, tafuta chupa tupu ya maji ya lita moja, mimina humo kipimo kimoja ulichonunua kwa Mangi kabla ya kupikia, angalia vipimo vingapi kama hicho vingejaza chupa, zidisha kwa bei ya kipimo, alafu linganisha na dumu la lita tano ukigawanya bei yake kwa tano. Fanya hivyohivyo kwa sukari ya robo na mkaa wa kopo. Usikubali jibu la mtu yeyote, bei ya mtaani kwako ndo itakwambia.

Ila jamani sio kila kitu ununue kwa wingi. Kwangu sukari ikiwa nyingi chai inakuwa tamu ghafla, na sabuni ya unga inamwagwa kama mchanga. Kwa hiyo nikinunua ya mwezi natoa ya wiki moja naiweka kwenye kopo la jikoni, nyingine nafungia chumbani. Na kama hela ya gunia zima la mchele huna, ongea na wapangaji wenzako wawili watatu sasa hivi kabla ya mwezi kuisha, mkachange mkanunue pamoja, mkagawane kwa mzani sio kwa macho, maana macho yanaleta ugomvi.

Sasa umeme, hapa nitakaa kidogo. Wiki hiyohiyo ya daftari soma mita ya LUKU kila asubuhi saa ileile na uandike uniti zilizobaki, utajua siku moja mnakula ngapi na siku gani zimeruka. Ukishajua hilo tembea chumba kwa chumba. Taa ya zamani ya wati 60 ikiwaka masaa matano kila siku, kwa mwezi ni uniti 9, taa ya LED ya wati 9 kwa muda huohuo ni uniti moja na kitu. Kwa bei ya EWURA iliyoanza Aprili 2016 uniti ya mteja wa kawaida wa nyumbani ni shilingi 292, ukiweka VAT na makato ya REA (umeme vijijini) na EWURA inafika kama 350 hivi, kwa hiyo ile taa moja tu ni zaidi ya elfu tatu kwa mwezi, na ukute unazo nne. Kama mita yako iko kundi la D1, lile la wanaotumia umeme kidogo, uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja na zinazozidi hapo ni 350, ndo maana kwa mtu wa D1 kujua uniti za siku ni muhimu kuliko chochote, ukivuka mbili na nusu kwa siku unaelekea kuipita hiyo 75.

Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima ni uniti moja, piga nguo za wiki zote Jumapili kwa mkupuo badala ya kuiwasha upya kila asubuhi kwa shati moja. Friji ifungie karatasi mlangoni kisha vuta hiyo karatasi, ikitoka kirahisi mpira wa mlango umechoka na baridi inavuja mchana na usiku. Yangu ilikuwa hivyo miezi mingi na mimi nalaumu feni! Nilipobadilisha mpira, matumizi ya siku yalishuka karibu uniti moja. Na kumbuka kodi ya jengo inakatwa humohumo kwenye LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, kama umepanga ongea na mwenye nyumba mapema mkubaliane nani anabeba, msisubiri uniti zije pungufu ndo muanze kuulizana.

Jikoni, maharage yalowekwe usiku, hii bibi zetu walikuwa wanafanya na sisi tumeacha tu kwa uvivu. Yanaiva kwa muda mfupi zaidi, na ukichemsha kilo nzima mara moja ukagawa kwenye makopo ukaweka friji ya kugandisha, katikati ya wiki unaunga tu. Sufuria lifunikwe. Moto wa gesi ukiwa wa njano na masizi yanashika chini ya sufuria, safisha vitundu vya jiko. Kwenye kubadilisha mtungi, uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe, ongeza kilo 6 au 15 kulingana na ulionunua, mwambie muuzaji apime mbele yako. Ni haki yako, usione aibu.

Maji, kama mna mita isome kabla ya kulala na uisome tena alfajiri kabla mtu hajagusa bomba, ikiwa imesogea kuna mahali panavuja, mara nyingi ni tangi la choo.

Hela ya simu pia, angalia jedwali la makato pale kwa wakala. Kutoa elfu kumi mara tano na kutoa elfu hamsini mara moja si sawa, panga wiki inahitaji kiasi gani, toa mara moja.

Halafu hili naomba mlichukulie kwa uzito, tengeni hela ya ghafla hata kama ni elfu tano tano kila wiki, iwe kwenye kibubu au kwa mtu mnayemwamini. Nimeona dada mmoja mtaani kwetu mtoto kaugua usiku, hana kitu, akakimbilia mkopo wa kausha damu, ile ya riba kali, akaja kulipa mpaka kitanda kikachukuliwa. Ilikuwa ni hela ya dawa tu.

Mshahara ukiingia, mimi kwanza natoa nauli ya mwezi mzima naiweka kwenye bahasha, pili kibubu, tatu dumu la mafuta na unga, ndo nafungua daftari niangalie kilichobaki kinatosha nini.