Namna ya Kuamua: Kuhamia Mji wa Teknolojia au Kufanya Kazi ya Mbali Ukiwa Arusha

Tangu UVIKO-19 ilipofunga ofisi nyingi duniani mwaka 2020, vijana wa Arusha wanaojifunza kuandika programu wamekuwa wakijiuliza kama bado kuna haja ya kuhamia Nairobi au Dar es Salaam, ilhali kazi inaweza kukufuata hadi Njiro. Mimi naamini miji hiyo bado inavuta, ila mvuto wake uliobaki ni watu unaoweza kujifunza kwao. Anzia hapo uamuzi wako, kabla hata ya kupiga hesabu ya mshahara.

Jiulize kwanza ni nani anayeikagua kazi yako na kukuonyesha makosa. Utafiti uliowahusu wafanyakazi zaidi ya 61,000 wa Microsoft nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba walipoanza wote kufanyia kazi nyumbani, mawasiliano yao yalizidi kujifunga ndani ya vikundi vyao vya kazi. Ikiwa hali ilikuwa hivyo kwa watu waliokwisha kuajiriwa na kufahamiana, anayeanza bila kumjua yeyote ana mlima mrefu zaidi wa kupanda. Kama huna wa kukukagua, nenda, lakini ujiwekee muda maalumu, tuseme miaka miwili. Nairobi ina mizizi katika fani hii tangu iHub, kituo cha kukutanisha wabunifu wa teknolojia, kilipofunguliwa mwaka 2010, na kwa Mtanzania anayekwenda kuajiriwa huko, suala la kibali cha kazi lishughulikiwe kabla ya kuvuka Namanga. Hata hivyo, tafuta kwanza karibu: Taasisi ya Nelson Mandela ipo Tengeru, na Chuo cha Ufundi Arusha kipo mjini hapa hapa.

Ikiwa tayari unaye mshauri na mteja anayelipa kwa wakati, baki, lakini ipime nyumba yako kwa wiki mbili, katika saa zile zile za vikao. Nilipopanga chumba Sakina nilipima kasi ya intaneti tu, nikaridhika. Masika ilipoingia, mvua ikapiga bati lisilo na dari hadi mteja akawa hasikii neno, nami nikapoteza siku kadhaa nikiulaumu mtandao. Kwa hiyo tazama juu kabla ya kulipa kodi. Nunua pia betri ndogo ya kuendeshea ruta umeme unapokatika, kwani ruta hutumia umeme kidogo sana, na uwe na laini za kampuni mbili tofauti. Hilo nalo halitoshi: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari, intaneti ilisumbua Tanzania na Kenya pia, hivyo kuhamia mji mkubwa kusingekuokoa. Nafuu aliipata aliyekuwa na nakala ya kazi yake kwenye kompyuta yake mwenyewe.

Saa za mteja nazo zina uzito, hasa kwa mwenye familia. Ofisi ya San Francisco inapofunguliwa saa tatu asubuhi wakati wa majira ya baridi, Arusha ni saa mbili usiku, ilhali Berlin tunatofautiana nayo kwa saa moja au mbili tu kutegemea majira. Mwenye watoto wadogo atafute kwanza wateja wa Ulaya.

Kabla ya kusaini, omba kipengele cha kufanya kazi ya mbali kiandikwe ndani ya mkataba, kwa sababu kampuni hubadilika. Amazon iliwataka wafanyakazi wake wa ofisini warudi kwa siku tano za wiki kuanzia Januari 2025. Tenga pia nauli ya kwenda ofisini kila baada ya miezi michache, na uulize mapema ni siku zipi timu nzima itakuwepo, kwani ukikuta viti vitupu utakuwa umelipia safari ya kwenda kukaa peke yako.