Jinsi ya Kutumia "Fierce" Bila Kuigeuza "Kali" Kila Mahali

Kamusi ikishamwambia mwanafunzi kwamba neno la Kiingereza fierce ni kali, basi: utasoma "fierce knife", utasoma "fierce tea". Mimi natafsiri habari, na neno hili hunijia mara kwa mara. Ninavyolishughulikia ni hivi.

Hatua ya 1: Litamke. Silabi moja tu. Mwingereza husema "fies", Mmarekani huisikilizisha r: "fiers". E ya mwisho ni ya kuandikwa tu.

Hatua ya 2: Jua asili yake. Limetoka kwenye ferus ya Kilatini, yaani -a mwituni, likapitia Kifaransa cha kale. Kwa hiyo hubeba nguvu ya mnyama asiyefugika. Kisu hakina hasira, ndiyo maana kisu kikali ni sharp. Chai kali ni strong, pilipili kali ni hot, mwalimu mkali ni strict. Ukimwita mwalimu huyo fierce, umemaanisha anatisha, si kwamba anafuata kanuni.

Hatua ya 3: Likariri pamoja na majirani zake. Fierce fighting, fierce competition, fierce criticism, fierce heat, fierce dog. Hapa kali inatosha: mapigano makali, ushindani mkali, joto kali, mbwa mkali. Usihangaike.

Hatua ya 4: Kuwa mwangalifu na fiercely. Hapa ndipo wengi huchemsha. Ikiandamana na kitenzi cha kupinga au kushambulia, "vikali" hukaa vizuri: aliupinga muswada vikali. Ikitangulia sifa njema, vikali haiwezi. Fiercely loyal si "mwaminifu vikali". Ni mwaminifu asiyeyumba. Fiercely independent ni mtu asiyekubali kabisa kutegemea wengine. Na mama aliye fiercely protective? Mguse mwanawe, utajua hujui. Acha neno, tafsiri tabia.

Hatua ya 5: Tenga ya mtaani. Kwenye mitindo na muziki, "You look fierce!" ni sifa: umependeza na unajiamini. Beyoncé alijipa jina la jukwaani Sasha Fierce, likaingia hadi kwenye jina la albamu yake ya 2008. Neno letu "mkali", kama katika "mkali wa Bongo Fleva", liko karibu sana na hapo. Ila kwenye ripoti ya ofisini, iache.

Hatua ya 6: Jipime. Tafsiri: "He is fiercely proud of his village." Ukiandika "anajivunia kijiji chake vikali", rudi hatua ya 4.