Spika za rafu zenye ampu ndani: vile ya kuziweka kwa nyumba ya Mombasa

Tivii hizi nyembamba picha zao nzuri lakini sauti ni ya bati, manake spika zimefichwa chini ama nyuma zatazama ukuta. Spika mbili za rafu zenye ampu ndani, yaani kile kikuza sauti kinachozisukuma, zatosha kabisa kwa sebule ya kawaida. Ampu iko kwa moja, ya pili yavutiwa waya tu. Ukinunua za mtumba soma nyuma kwanza, zikiwa za Marekani zimeandikwa 120V peke yake usizitie kwa stima yetu ya 240, zitaungua.

Sasa kuunganisha. Zikiwa na HDMI ARC, yaani tundu la HDMI linalotoa sauti ya tivii kuipeleka kwa spika, tumia hiyo, chomeka pale kwa tivii palipoandikwa ARC na sio tundu lolote, halafu kwa setingi za tivii washa CEC, ile inayofanya vyombo viongozane kupitia HDMI, na rimoti ya tivii itapandisha na kushusha sauti. Kama hamna, tumia waya wa optiko, ule wa mwangaza mwekundu, na hapa ndipo wengi wanakwama: umechomeka, taa inawaka, sauti kimya, mtu aanza kusema ameuziwa mbovu. Mamangu pale Tudor alikaa wiki nzima hasikii taarifa ya habari na spika zilikuwa nzima kabisa. Ingia setingi za sauti za tivii, toa Auto ama Dolby, ile sauti iliyofungwa, uweke PCM, yaani sauti ya kawaida isiyofungwa, kwa sababu spika nyingi za aina hii haziwezi kuifungua Dolby. Na kwa optiko mara nyingi sauti utaipandisha na rimoti ya spika yenyewe. Bluetooth iwachie mziki wa simu, kwa sinema midomo itatangulia maneno.

Kinachoharibu sauti zaidi huku kwetu ni chumba. Sakafu ya tailsi, kuta tupu, basi piga kofi moja usikie vile inavyolia. Tandika zulia ama mkeka mnene, weka mapazia mazito, utadhani umenunua spika zingine, na hilo nalisema kwa dhati kabisa kabla hujaongeza hela. Zile spika ndogo za juu, za sauti nyembamba, ziwe usawa wa masikio ukiwa umekaa, na nafasi kati ya spika mbili ilingane na umbali wako kwao, tuseme mita 2. Zikiwa na tundu la hewa nyuma ziwache na ukuta kama sentimita 20, la sivyo besi yavuma tu. Kabati la vioo likitetemeka, kata ndara kuukuu uweke vipande chini ya spika.

Chumvi ya bahari nayo haichezi. Usiziweke dirishani kunakoingia upepo wa kusi, na kila baada ya miezi kadhaa zima, chomoa waya, pangusa ncha na pamba yenye spiriti kabla hazijafanya kijani. Stima ikipotea chomoa plagi, hata ukiwa na gadi, kile kifaa cha kukinga vyombo na stima ikizidi.

Ukimaliza weka taarab, kaa katikati, fumba macho. Sauti ya mwimbaji yafaa itoke katikati pale penye tivii. Ikiwa imetawanyika haijulikani iko wapi na besi nyembamba, waya wa ile spika ya pili umepinduka, nyekundu imeingia kwa nyeusi. Zima, ugeuze upande mmoja tu.