Ukienda kununua seti ya spana, beba bolti mfukoni

Watu wengi wakitaka kuanza kujifanyia wenyewe vile vikazi vidogo vya gari pale nyumbani, kumwaga oili, kubadili plagi, kuweka brekipedi mpya, wanaenda dukani wanauliza seti yenye vipande vingi kwa bei nafuu. Muuzaji anafungua boksi linang'aa, limeandikwa vipande 216, unaona hapa nimepata. Mi nilinunua hivo hivo. Siku ya kwanza namwaga oili kwenye Toyota IST yangu nikaweka soketi (kile kikombe cha chuma cha kuvisha kwenye bolti) namba 14, yaani milimita 14, kwenye bolti ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, nikavuta ikateleza, nikavuta tena kwa nguvu nikasikia krii, kuchungulia naona pembe za bolti zimelika zimekuwa duara na soketi yenyewe ina ufa mwembamba kama unywele kuanzia mdomoni. Nikamuita fundi, akachukua soketi yake namba 13, ngumu, akaigonga na nyundo mpaka ikaingia kwa kubana juu ya kile kichwa kilicholika, ndo bolti ikatoka. Kazi ya nusu saa ikala siku nzima pamoja na hela ya fundi na ya bolti mpya.

Toka siku ile nikiulizwa ninunue seti gani, jibu langu la kwanza ni usihesabu vipande, angalia soketi inavyoshika nati. Njia rahisi kabisa ya kuangalia ni kwenda dukani na bolti zako mwenyewe, tafuta tatu safi ambazo hazijalika, yenye kichwa namba 10, namba 12 na namba 14, zitie mfukoni. Pale dukani chukua soketi ya seti unayotaka, ivishe kwenye bolti, izungushe kwa vidole kushoto kulia. Lazima kuwe na kauchezo kadogo sana maana bila hivyo isingeingia, ila ukiona soketi inayumba kama kofia ya baba kwenye kichwa cha mtoto, achana nayo hata kama inang'aa vipi. Hii haichukui hata dakika mbili, na kama muuzaji hataki ufungue boksi ujaribu basi nenda duka la pili.

Afu chungulia ndani ya soketi uhesabu pembe. Kuna za pembe 6 na za pembe 12. Kwa mtu wa nyumbani chukua za pembe 6, zinashika nati ubavuni pote, hazili kichwa kirahisi hata kama nati ina kutu. Za 12 zina raha yake sehemu finyu kwa sababu unaivisha kwa kuzungusha kidogo tu, lakini kwenye nati iliyokaza miaka 10 na soketi ya chuma laini ndo yanatokea yale yaliyonikuta mimi.

Kuhusu saizi, wengi wetu tunaendesha Toyota, na Toyota namba zake ni chache, 8, 10, 12, 14, 17, 19 na 21. Terminali za betri ni 10, vitu vingi vya juu ya injini ni 10 na 12, bolti ya sampo 14, breki utakutana na 14 na 17, nati za tairi 21. Injini kama 1NZ iliyoko kwenye IST na Vitz nyingi plagi zake zinataka soketi ndefu ya 16 yenye mpira au sumaku ndani ya kuishika plagi isidondoke kule chini kwenye shimo. Ukiwa na gari la Mjerumani mambo yanabadilika, pale utahitaji 13, 16 na 18 pamoja na zile za nyota, kwa hiyo kabla hujatoa hela jua gari yako inataka nini. Seti nyingi zinajaza idadi kwa soketi za inchi ambazo kwenye gari za Japani hutazigusa, na vile vidomo vya bisibisi 30, 40, vyote vinahesabiwa vipande. Toa hivyo kichwani afu hesabu upya, ile 216 inaweza kubaki kama 60 za maana.

Kuna ile seti ndogo ya vipande 46, imejaa kila mahali, soketi zinaanzia 4 mpaka 14. Ni nzuri kwa vitu vidogo, ila mkono wake wa kuzungushia, yaani racheti, ni wa robo inchi, hicho ni kipimo cha kile kipande cha mraba kinachoingia nyuma ya soketi. Ukikazana nao kwenye nati iliyogoma utavunja meno ya ndani ya racheti. Ukiniuliza mimi, kama una hela ya mkono mmoja tu chukua wa saizi ya kati, tatu kwa nane ya inchi, huo ndo utafanya sehemu kubwa ya kazi. Afu ongeza breka baa ya nusu inchi, ule mkono mrefu usio na meno, kwa ajili ya kuvunja nati ngumu kama za tairi na za breki, soketi zake mbili tatu tu zinatosha, 17, 19 na 21. Racheti siyo ya kuvunjia nati iliyogoma. Na kuiongezea bomba kwa nyuma ndo kabisa usifanye, itaachia ghafla uumie vidole.

Racheti yenyewe ijaribu sikioni. Izungushe taratibu usikie milio. Yenye meno 72 inahitaji nyuzi 5 tu kushika jino linalofuata, ya meno 24 inahitaji 15, ukiwa umebanwa kati ya injini na bodi hiyo tofauti utaiona, maana mahali pengine mkono unapata nafasi ya kusogea kidogo sana. Bonyeza kile kitufe cha kubadili upande mara kadhaa, kisiwe kinajirudisha chenyewe.

Spana za mkono chukua zile zenye ringi upande mmoja na mdomo wazi upande wa pili, kuanzia 8 mpaka 19. Ukitaka kugusa paipu za breki nunua ile spana ya paipu ya namba 10, inafanana na ringi iliyokatwa mdomo kidogo, kwa sababu zile nati ni laini na mdomo wazi wa kawaida unazila chap.

Bisibisi hii watu wengi hawaijui. Skrubu za msalaba kwenye gari za Japani nyingi ni za JIS, yaani kiwango cha Kijapani, zinafanana sana na za kawaida ila umbo la msalaba linatofautiana kidogo, zingine zina kadoti kadogo kichwani. Ukitumia bisibisi ya kawaida inaruka nje na kula msalaba. Kampuni ya Vessel ya Japani inatengeneza za JIS, moja tu namba 2 itakutosha muda mrefu.

Maandishi ya chrome vanadium, jina la chuma kigumu, yasikudanganye, mtu yeyote anaweza kuyagonga kwenye chuma chochote. Ukipata KTC, TONE au Koken za mtumba kutoka Japani hata kama zimechakaa rangi, bora hizo kuliko mpya isiyo na jina, mradi mdomo haujatanuka, na bolti zako za mfukoni zitakwambia. Mpya za bei ya kati INGCO na TOTAL zinapatikana sana Tanzania na Kenya, King Tony na Toptul za Taiwan ziko juu kidogo. Nunua duka linalotoa risiti na linalokubali kukubadilishia.

Ukibakiwa na hela, nunua toki renchi, ile spana inayopima nguvu unayokazia. Nati za tairi za Toyota nyingi zinakazwa 103 Nm (Nm ndo kipimo cha hiyo nguvu), na plagi zinaingia kwenye alumini, ukikaza kwa hasira ile mizunguko ya skrubu ya shimo la plagi kwenye kichwa cha injini inakufa na hiyo ni gharama kubwa. Usiitumie kufungulia, na ukimaliza irudishe namba ya chini kabisa ndo uiweke.

Afu naomba sana ndugu zangu, kabla ya hiyo toki renchi nunua stendi mbili za chuma za kushikilia gari ikiwa juu, za tani 2 au 3. Jeki ni ya kunyanyulia tu, usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki, wala usiweke tofali la sementi kwa sababu linapasuka ghafla bila dalili yoyote. Weka stendi, weka vigingi kwenye matairi yaliyobaki chini yasibingirike, sukuma gari kwa bega uone kama imetulia, ndo uingie.

Sisi wa pwani hewa ina chumvi, spana zinashika kutu mapema, kila ukimaliza zifute na kitambaa chenye oili kidogo. Na hesabu soketi zote kabla hujawasha gari, namba 10 ikibaki juu ya injini inaweza kuingia kwenye mkanda.