Namna ya Kutunga Majigambo Yasiyogeuka Majivuno

Neno majigambo limebeba maana mbili, na anayeanza kutunga kabla ya kuzitenganisha huiharibu kazi yake mapema. Katika mazungumzo ya kila siku ni lawama: fulani ana majigambo, yaani hapitishi siku bila kututajia alichonacho. Katika fasihi simulizi, majigambo, au vivugo, ni sanaa ambamo mtu husimama mbele ya hadhira akajisifu mwenyewe kwa lugha ya kishairi, tofauti na sifo, ambazo humsifu mtu mwingine. Majivuno ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa ni hali ya kujiona bora kuliko wenzako, na mtu anaweza kuwa nayo bila kufungua kinywa.

Anza na tendo, usianze na sifa. Chagua jambo moja ulilolifanya kweli, na ikiwezekana liwe na mashahidi miongoni mwa watakaokusikiliza, kwa sababu hadhira humvumilia mtu anayelikuza tendo lake lakini haimvumilii anayelizua. Mali na cheo ni malighafi dhaifu. Binafsi sijawahi kusikia kivugo kizuri kuhusu gari.

Kisha jipe lakabu itokanayo na tendo hilo, utaje na nasaba yako, na useme kwa nafsi ya kwanza. Tuseme ulimwokoa mtoto katika mto uliofurika:

Ni mimi Kifunga-Mto, mjukuu wa mvuvi,
Niliyekohoa mara moja, mto ukarudi ulikotoka,
Mamba wakajipanga kandokando kunipisha,
Mtoto nikamtoa, hata nguo hazijalowa!

Hakuna atakayeamini habari ya mamba, wala hakuna atakayekuita mwongo, kwa kuwa chuku hiyo imewekwa waziwazi na wote wanajua kwamba mtoto aliokolewa. Ungesema tu kwamba uliogelea kwa dakika kumi ilhali zilikuwa mbili, huo ungekuwa uongo, tena wa kujivuna, kwa sababu umejificha ndani ya kipimo kinachosadikika. Kwa hiyo unapotia chumvi, itie mpaka ionekane.

Angalia pia kwamba hakuna mwenzako aliyetajwa katika mistari hiyo: aliyeshindwa ni mto. Ukiongeza mshororo wa kuwacheka waliobaki ukingoni, wasikilizaji wataacha kukushangilia na kuanza kuwatetea, nawe utakuwa umetoka kwenye sanaa na kurudi kwenye ile lawama ya kila siku.

Majigambo hughanwa, hayasomwi kwenye karatasi. Yazoeze kwa sauti, upige hatua, unyooshe mkono penye mto na ushushe sauti penye mtoto, nawe uwe tayari kubadili mshororo papo hapo hadhira inapokuitikia. Mishororo minane hadi kumi inamtosha anayeanza. Ukimaliza, rudi ulipokuwa umeketi, na mtu akikuuliza kuhusu siku ile, mweleze ilivyokuwa, bila mamba.